Ubunifu Uliofunikwa Turubai

"Mwanangu, ubunifu ndio nini?"

Aliyeuliza alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama cha Mkunya, na fomu ya mashindano nilimletea mimi. Nilikuwa na shahada, pikipiki ya kukodi na kazi ya mkataba: kutafuta asasi za kushindania tuzo ya ubunifu. Nikababaisha, "Ni kile mnachofanya ninyi na wengine hawafanyi."

"Basi andika mfereji."

Mfereji wenyewe ulikuwa madebe yaliyokunjuliwa na kuunganishwa kwa waya. Mvua ikianza, uliningʼinizwa chini ya bati la nyumba moja, maji yakaingia kwenye kisima cha kukingia mvua. Kisima kikijaa, mwenye nyumba aliufungua hapo hapo, alowe asilowe, akaupeleka kwa jirani. Mfereji mmoja, nyumba saba, na hakuna aliyegombana. Chuoni nilisoma miaka mitatu sijaona kitu kama hicho.

Zawadi ilikuwa tangi kubwa la plastiki. Walilitaka kwa ajili ya bibi mmoja mjane: nyumba yake ya nyasi, mfereji haumfai kitu, na mgongo wake umechoka kufuata maji mabondeni.

Kabla ya majaji kufika nikawaambia, kwa ujuaji wangu, "Wageni wanatoka Dar. Pawe pasafi."

Pakawa pasafi. Uwanja umefagiliwa, vitenge vipya, ngoma juu.

"Shikamooni, akina mama. Haya, ubunifu wenu uko wapi?" akauliza jaji mkuu.

Mwenyekiti akanitazama. "Uko bandani, baba, kwenye magunia ya korosho. Tumeufunika turubai."

"Una kutu ule," mwingine akadakia, "utakuchafulia shati bure!"

Wakacheka wote. Jaji naye akacheka, akatazama saa; chakula kilikuwa kimeagizwa Masasi. Ningeweza kusema, "Subirini dakika tano, uletwe." Badala yake nikamshikia faili. Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kwisha na yeye ndiye mwenye kalamu. Akaandika: *Usafi, bora sana. Ubunifu, hauonekani.*

Tangi likaenda kwa asasi moja ya mjini iliyoonyesha kwa projekta picha nzuri za matone ya maji. Mkunya wakapewa bango la bati la kutangaza kwamba walishiriki. Wiki mbili baadaye nilipopita, nguzo za bango zilikuwa tupu. Nikaandika kwenye ripoti kwamba bango limeibiwa na jamii haina mwamko. Sentensi hiyo ilisifiwa.

Miaka ilipita kabla sijajua kwamba bango halikuwahi kuibiwa. Lilikuwa nyuma ya nyumba ya yule bibi, limelazwa mshazari juu ya miti minne, likimwaga mvua kwenye pipa. Maandishi waliyageuzia chini, wageni wasije wakaona aibu.