Bendera Haiachiwi

Bi Earline, mshonaji wa kikosi, alimjua mshika bendera kwa tumbo lake, maana ndilo alilolipima kila mwaka. Kila Mei kikosi hicho, wazee wa Beaufort huko Marekani, huvaa sare za buluu za sufu, kama babu zao weusi waliopigana kujikomboa utumwani, na kuandamana hadi kwenye makaburi ya babu hao. Mshika bendera alikuwa na mikono kama sepetu, alikohoa kabla ya kila neno, na bendera aliibeba kama aliyepakata mtoto wa watu. Bi Earline alimsihi aongezewe kiuno cha suruali, yeye akacheka. "Nitaacha kula kamba, Earline." Wapi! Kamba hawakuachwa.

Siku ya maandamano, mbele ya kanisa, kifungo chake kikaruka, suruali ikateremka taratibu hadi miguuni. Bukta ilikuwa na picha za mabata. Mtaa mzima ukashika mbavu.

"We mzee, nipe hiyo bendera uvae!" Bi Earline alimkimbilia.

"Haiachiwi."

"Mungu wangu, mbele ya mchungaji!"

"Babu wa babu yangu alipigwa risasi, hakuiachia. Mimi niiachie kwa kifungo?" Akakohoa. "Suruali haikula kiapo."

Akasonga mbele kwa hatua fupifupi, kama mabata wake. Bi Earline akasonya, akaipandisha ile suruali, akaikamata kwa nyuma, wakaenda hivyohivyo hadi makaburini. Huko wote wakapiga saluti isipokuwa wawili: mmoja ameshika bendera, mwenzake ameshika suruali, na hakuna aliyeachia.