Ng'ombe wa Baba Mkwe

Kwetu Masoko tumbo lilizungumzwa kama mvua inavyozungumzwa. Mama yangu hakumaliza salamu ya asubuhi bila kuulizia choo. "Umeamkaje? Umepata choo? Kigumu au laini?" Aliuliza mbele ya wageni, aliuliza mbele ya mchungaji, na siku ya posa yangu aliniuliza mbele ya washenga, nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Baba naye alikuwa akirudi kutoka nyuma ya migomba huku anatangaza, "Leo nimekwenda vizuri, Mungu ni mwema," nasi tunaitikia "Amina!" na vikombe vya chai mkononi. Tulicheka sana katika nyumba ile. Na sikumbuki mtu wetu aliyeumwa tumbo kwa siri, maana siri yenyewe angeificha wapi?

Kisha nikaolewa na mtu wa Kisondela, na huko nikakuta watu hawana matumbo kabisa. Wanakula, ndiyo, tena wanakula vizuri, lakini chakula kikishapita kooni hakizungumzwi tena. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alianza kuumwa tumbo akanyamaza. Alipokuja kusema, daktari hakuwa na la kufanya zaidi ya kumtuliza maumivu. Tulimzika, na msibani bado watu walikuwa wanasema "aliugua kidogo." Nilikasirika mpaka machozi yakakauka.

Akabaki baba mkwe, peke yake na migomba, miparachichi na ng'ombe mmoja wa maziwa.

Sasa, mtu wa Rungwe hahitaji kuelezwa, ila wengine niwaeleze. Kwa mila yetu mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemezani. Siku hizi mjini watu wamelegeza. Utawakuta wamekaa kochi moja wanaangalia mpira. Baba mkwe wangu hakuwa mtu wa kochi moja. Nikikutana naye njiani naingia kwenye majani, nainama, khanga kichwani, mpaka apite. Naye akishapita anakohoa, ili nijue naweza kunyanyuka. Kile kikohozi nilikipenda. Kilikuwa heshima yake kwangu, na sijawahi kuona mzee anayekohoa kwa adabu kiasi kile.

Mama mkwe alipokuwa hai, maneno yetu yalipita kwake. Alipoondoka hatukuwa na wa kutupitishia. Mume wangu ni dereva wa lori, wiki nzima yuko Tunduma na huko ng'ambo, na sisi tunakaa Msasani pale Tukuyu ambako nina kibanda changu cha vitenge. Jumamosi nilikuwa napanda bodaboda kumpelekea mzee chakula. Jumamosi moja nimeweka sufuria ya mbalaga mlangoni, ndizi zangu na maharage yamekolea vizuri, nageuka niondoke, nikamsikia anasema na ng'ombe bandani, kwa sauti ya mtu anayetaka asikike.

"Wewe ng'ombe, mwambie aliyeleta mbalaga, ndaga fijo, asante sana. Ila chumvi asiiogope."

Jamani! Nikasimama pale nikageukia banda. "Ng'ombe," nikasema, "mwambie mwenye banda lake, chumvi siiogopi mimi, presha yake ndiyo inayoiogopa."

Nikasikia kikohozi. Tangu siku hiyo tukawa tunazungumza kila Jumamosi kupitia kwa ng'ombe, na nikagundua mzee ana utani kuliko wote waliomzaa na aliyemzaa.

Basi siku moja mume wangu akapiga simu yuko barabarani. "Baba anasema ng'ombe anaumwa. Anatoa damu kwenye kinyesi. Anataka dawa, mtafutie bwana mifugo."

Nilishangaa, maana yule ng'ombe nilimwona amenawiri kuliko mimi. Lakini nilimfuata bwana mifugo, tukaenda Kisondela kwenye mvua na tope hilo, mimi kwenye bodaboda yangu na yeye kwenye pikipiki yake. Akamkagua ng'ombe macho, mdomo, kiwele. Kisha akavaa ile glavu yake ndefu ya plastiki inayofika begani, akainua mkia, akazamisha mkono wote. Ng'ombe akaguna. Mimi nilikuwa nimejibanza pembeni ya ukuta wa jiko, na kwa kona ya jicho nikamwona baba mkwe amekumbatia mgomba, uso ameugeuzia kule mabondeni.

"Mzee," bwana mifugo akasema akinawa, "ng'ombe wako mzima kabisa. Hiyo damu uliiona lini?"

"Kila mara. Tangu parachichi zianze kukomaa."

"Nyingi?"

"Si nyingi. Nyekundu tu. Asubuhi, akichuchumaa."

Ng'ombe akacheua. Bwana mifugo akamtazama ng'ombe, akanitazama mimi, akayatazama maji kwenye ndoo. Kicheko kilinipanda nikauma khanga yangu kwa meno yote. Nani aliwahi kumwona ng'ombe amechuchumaa?

Halafu kicheko kikafa chenyewe. Parachichi zilikuwa zimeanza kukomaa zamani, zilikuwa zimeshachumwa zote. Muda wote huo mzee alikuwa anatoka damu, anarudi ndani, anakunywa chai, ananitania habari za chumvi. Nikamkumbuka mama mkwe. Huyu naye atatuondoka hivi hivi, kwa kuona aibu!

Bwana mifugo hakucheka. Namheshimu mpaka leo kwa hilo. Alifunga mkoba wake akasema polepole, "Mzee wangu, dawa zangu ni za ng'ombe wanaosimama. Wanaochuchumaa wanatibiwa hospitali, pale Tukuyu."

"Ungeniachia hata kidogo tu," mzee akasema, bado amekumbatia mgomba. "Nitampa mwenyewe."

Hapo ndipo nikaelewa alichotaka. Alitaka dawa ya ng'ombe ainywe yeye! Hasira ikanishika, mila nayo ikakaa pembeni, ila si mbali sana. Nikamgeukia ng'ombe.

"Wewe ng'ombe! Sikia! Ukinywa dawa isiyo yako ukafa, msibani kwako nitashika kipaza sauti mimi mwenyewe, niwaambie watu wote ulikufa kwa nini na ilikuwa inatokea wapi! Kesho asubuhi vaa koti lako la kanisani. Bodaboda itakupitia."

Mvua ilinyesha kwa muda mrefu. Nilidhani nimeharibu kila kitu. Kisha kutoka migombani ikaja sauti ndogo, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mzee yule.

"Ng'ombe anauliza. Daktari naye anavaa ile?"

"Ile ipi?"

"Ile glavu. Ya mpaka begani."

Maskini baba wa watu. Miaka yote amewaona mabwana mifugo wakifanya kazi yao, akajua hospitalini mambo ni yale yale. Nani asingeogopa?

"Ng'ombe," nikasema, "sijui. Lakini nitauliza mimi kabla hujaguswa."

Kikohozi.

Kesho yake alikuja. Koti jeusi, shati limefungwa mpaka kooni, viatu amevipiga kiwi asubuhi ile ile vikaishia kwenye tope. Tulikaa kwenye benchi la hospitali, yeye mwisho huu na mimi mwisho ule, katikati yetu mama na mtoto wake mchanga. Jina lake lilipoitwa alisimama, akatembea hadi mlangoni, akasita. Akamwambia nesi, "Ng'ombe ana mtu wake." Nesi hakuelewa. Mimi nilielewa, nikainuka nikamfuata.

Daktari alikuwa binti mdogo, ningeweza kumzaa. Nikaingia nikageukia ukuta, kwenye picha ya namna ya kunawa mikono, nikabaki naikodolea macho.

"Mama, mbona unaangalia ukuta?"

"Ni baba mkwe wangu, daktari."

"Ahaa," akasema. Alikuwa mtu wa huku huku. "Basi chukua kiti, ukuta ni wako. Mzee wangu, shikamoo. Unasumbuliwa na nini?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi mzima. Nina ng'ombe."

Nikafumba macho. Nikasema moyoni, sasa huyu binti atamfukuza, au atamcheka, na akimcheka tumeshampoteza. Nilisikia kalamu inawekwa mezani.

"Pole na ng'ombe," daktari akasema. "Anakula nini?"

"Ndizi. Maharage. Ugali kidogo."

"Maji anakunywa?"

"Anakunywa chai."

"Chai?"

"Ya maziwa."

"Maziwa ya nani, mzee?"

Baba mkwe akafikiri. "Ya mwenzake," akasema.

Daktari alicheka. Mungu wangu, alicheka binti yule, na kabla sijapata hofu nikamsikia mzee naye anacheka, kicheko kinene, cha tumboni hasa. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumsikia akicheka. Mimi nilicheka na ukuta mpaka ile mikono inayonawa ikawa ukungu. Na baada ya pale alieleza yote: damu, choo kukaza, kupungua mwili, kuamka na wasiwasi. Alieleza yote kwa jina la ng'ombe, na daktari aliuliza yote kwa jina la ng'ombe, bila kukosea hata mara moja. Sijui hilo wanafundishwa chuo gani. Nadhani hawafundishwi, mtu anazaliwa nalo.

"Daktari," nikasema na ukuta, "niliahidi kuuliza. Glavu yako inafika wapi?"

Alielewa. Nilisikia mpira unavutwa. "Tazama mzee. Inaishia hapa, kwenye kiwiko cha mkono… hapana, hata huko haifiki. Hapa kwenye kifundo."

"Basi?"

"Basi."

"Na vidole?"

"Kimoja."

"Kimoja!" mzee akasema. Akashusha pumzi iliyojaza chumba. "Mwanangu, ningejua, ningekuja kabla ya parachichi."

Nikatoka nje nikawaacha.

Daktari alitutuma Mbeya kwenye kipimo cha kamera. Huko waliona kinyama kimeota ndani ya utumbo, wakakikata, wakakipeleka maabara. Kusubiri majibu kulinikondesha. Nilikuwa nawapimia wateja kitenge nasahau ninapima nini. Jumamosi naenda Kisondela, ng'ombe ananiuliza kama majibu yametoka, namjibu bado, tunanyamaza wote watatu. Yalipotoka, daktari wetu wa Tukuyu alitueleza taratibu: hakijawa saratani, ila kingeachwa kingegeuka. Kimeondoka chote. Mzee akasema "ndaga" mara nyingi, na mimi nilimlilia ukuta ule ule.

Kisha daktari akaongeza, "Watoto wake wa kuwazaa nao wapimwe. Mambo haya hupenda kufuata ukoo."

Mtoto wa kumzaa yuko mmoja, mume wangu. Nilimwambia kwenye simu, pamoja na habari yote ya ng'ombe anayechuchumaa. "Mimi mzima," akasema. Nikamwambia tena aliporudi. "Mke wangu, niache nipumzike, mimi mzima." Nikabembeleza, nikagomba, nikapika, nikanuna. Mzima, mzima, mzima! Huyo ndiye mtu wa Kisondela. Nilishindwa, nikaenda nikamwambia ng'ombe, kwa kwikwi na kwa sauti ya juu, kwamba mwanaye hasikii. Bandani hapakuwa na jibu, wala kikohozi.

Jumapili iliyofuata mvua inanyesha, mume wangu yuko sebuleni na kandambili zake, mimi nasonga ugali, nikasikia hodi. Sauti niliijua. Hakuwahi kufika kwangu, hakuwahi kuvuka kizingiti changu. Nilijibanza nyuma ya mlango wa jikoni na mwiko mkononi.

Alikuwa amevaa lile koti. Alikaa ukingoni mwa kiti, maji yanamtiririka.

"Mwambie…" akaanza, akatazama huku na huku, kana kwamba anatafuta kitu. "Hapa hakuna ng'ombe," akasema. "Basi nitasema mwenyewe. Mkamwana, njoo ukae. Nataka na wewe usikie."

Nilikuja nikakaa chini mkekani, macho kwenye mwiko. Nilimpenda mzee yule kama nilivyompenda baba yangu.

"Mwanangu," akamwambia mume wangu, "nilikuwa natoa damu chooni. Si ng'ombe. Mimi. Niliona aibu, nikataka kunywa dawa ya mifugo. Mama yako naye aliona aibu, na wewe unajua alipo. Huyu mkeo ndiye alinipeleka. Sasa nakuuliza. Unapata choo vizuri?"

Swali la mama yangu, karibu neno kwa neno, kutoka kinywa cha mtu wa Kisondela.

Mume wangu, jitu zima linaloshusha lori mlima kwenye ukungu bila kupepesa, alitazama kandambili zake. Nilingoja aseme mzima. Ugali ulikuwa unaungua jikoni na hakuna aliyenyanyuka.

"Baba," akasema mwishowe, "na wangu anachuchumaa."

Mzee akainamisha kichwa. Kisha akasimama, akafunga kifungo cha juu cha koti lake.

"Koti lako la kanisani liko wapi?" akamuuliza.