Kaburi la Anania Lisilo na Mtu

Nakumbuka Jumamosi moja hapa kwetu Mpemba, mdogo wangu, wewe ukiwa bado mgongoni kwa mama, baba mdogo alipokuja na fundi kupima kiwanja cha fremu za maduka. Nakuandikia kwa sababu kusema mbele za watu siwezi, na siku moja utaulizwa habari hizi mimi nikiwa sipo karibu.

Kamba ya fundi ilipita juu ya kaburi la Anania, kaka yake babu. Anania aliondoka hapa kijana mbichi, akawa baharia kwenye meli iliyosindikiza meli za askari wakati wa Vita Kuu ya Pili. Meli yao ikazamishwa, mwili haukuonekana. Nyumbani walingoja hadi wakachoka, ndipo wakafunga kigogo cha mgomba kwenye shuka lake, wakakizika na kukililia kama mtu.

Baba mdogo alisema makaburi mengine ya ukoo hatayagusa, ila hili halina mtu. Akamtania babu, "Mzee, ndugu yako ni mgomba, na hata mkungu mmoja hakutuzalia." Fundi naye akacheka.

Babu hakukasirika. Aliketi pale pale juu ya udongo, kamba ikimbana tumboni. Akatueleza kuwa mama yake alikuwa akimtengea Anania ugali kila jioni, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa, hata wao wadogo walipolala hawajashiba. Aliendelea kumtengea mpaka siku ya mazishi yale.

"Mwanangu," akamwambia baba mdogo, "hapa ndipo mama yangu alipoacha kungoja. Sasa wewe unataka aanze upya?"

Baba mdogo, bila kututazama, akamwambia fundi asogeze kamba nyuma ya kaburi. Ndiyo maana fremu zetu hazifiki barabarani, na majirani wanatuona wajinga.

Basi mdogo wangu, ukikua watakuambia pale hakuna mtu. Usibishane nao sana. Fyeka majani, utaje jina lake kwa sauti, hata ukiwa peke yako, maana aliyepotelea mbali hana mahali pengine pa kutajwa. Na ukifiwa na mtu usiyeweza kumzika, usione aibu kumlilia.

Mungu akutunze, akupe umri kama wa babu, na kokote utakakokwenda akurudishe kwetu ukiwa mzima.