Tezi za Bwana wa Igowole

Juma lililopita nilikuwa nimekaa kwenye benchi la zahanati moja hapa Iringa nikisubiri dawa ya kikohozi. Akaingia mama mmoja wa kijiji cha Igowole, akimvuta mumewe kwa mkono wa koti.

"Kamwene, Bwana Daktari. Huyu kila akileta maharage sokoni analala hapa mjini, mtaa wa Mlandege, kwa mwanamke muuza pombe. Mtibu."

Daktari, kijana aliyemaliza masomo majuzi, alivua miwani akaifuta taratibu. "Mama, usimlaumu. Tamaa inatoka kwenye tezi. Zikishamwaga maji yake kwenye damu, mtu anakwenda tu. Hata akili ni mwili."

Mume, aliyekuwa ameinamisha kichwa, akakiinua. "Umesikia? Si mimi, ni tezi!"

Mama akajifunga khanga upya kiunoni. "Sawa. Na tezi zangu mimi zinataka kurudi kwa baba yangu pamoja na watoto wote, leo hii, kwa basi la mchana. Usinilaumu."

Akatoka. Benchi zima tulicheka, isipokuwa mume.

"Bwana Daktari, hakuna sindano ya kumrudisha?"

Daktari alitazama kabati la dawa, akakuna shingo. "Mkimbilie ukamwombe radhi."

Nilipopita stendi baadaye, basi lilikuwa limeshaondoka na wao wamebaki, mama akisema, mume akiitikia kwa kichwa, kofia mkononi.

Wasomi waendelee na tezi zao. Mimi naomba wanitafutie tezi ya aibu, maana kwa wanaume wengi wa huku kwetu imejificha mno.