Jani la Sale Kwenye Kompyuta ya Romanus

Mwalimu Pudensiana alizaliwa Kibosho, akasoma kwa masista, akaletwa Usa River mwaka 1983 akiwa bibi harusi wa Romanus, muuza pembejeo. Siku hizo mvua za Meru zilikuwa na adabu, na maji ya mfereji nyuma ya migomba yalisikika hadi chumbani. Romanus alipenda mitambo. Mtaa mzima, kamera ya kwanza ya video ilikuwa yake, na kompyuta aliyoinunua miaka michache kabla ya kufariki bado ilikaa sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma. Mjane wake aliipangusa vumbi kila Jumamosi kama anayemnyoosha mtu kola.

Jumamosi hii ilikuwa na jambo. Baada ya misa ya kumbukumbu ya Romanus, ukoo ungekula kwake. Nao watoto wa Hans, kaka wa marehemu, walikuwa wamezoea kusema kwamba baba yao mdogo hakuwahi kujishusha baada ya ule ugomvi wa mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Uongo! Mwaka 1996, kwenye jubilei ya wazazi, Romanus alimpa Hans jani la sale mbele ya watu, na kwa Wachaga aliyepewa sale hakatai kusamehe. Hans mwenyewe akiulizwa alicheka tu. Lakini mkanda wa video wa siku ile ulikuwepo.

Pudensiana aliupeleka studio mjini Arusha ugeuzwe kuwa video ya kompyuta, akaagiza kwa sauti ya mkuu wa shule: "Nataka ubora wa juu kabisa, na aina mpya kabisa. Hii ni video ya familia yenye heshima." Akapewa. Alipoicheza nyumbani, Romanus alinyanyua mguu, akaganda. Akaruka hatua tatu, akaganda tena. Palipofika pa sale, picha ilirukia Hans akiwa tayari ameshika jani. Nani alimpa? Haikuonekana.

Alhamisi asubuhi akamwita Sinyati, fundi wa kompyuta wa pale stendi, aliyekuwa mwanafunzi wake wa jiografia darasa la sita.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Vua viatu. Na usiniambie ninunue mpya."

Sinyati aliweka kitambaa pembeni, akacheza video, akatazama namba zilivyopanda pembeni mwa skrini. "Prosesa, ubongo wa kompyuta, inafanya kazi asilimia mia, Mwalimu. Inakaribia kuzimia."

"Kwa video moja?"

"Video huja imefungashwa. Lazima ifumuliwe, picha ishirini na tano kila sekunde, halafu kila picha ihamishiwe kwenye skrini. Humu ndani ya prosesa kuna kipande kidogo cha grafiki, kazi yake ni hiyo hiyo. Lakini kilitengenezwa kabla ya aina hii mpya, hakiijui. Kwa hiyo mzigo wote unamwangukia prosesa. Ni sawa na mwalimu mkuu afundishe, apike uji na agonge kengele."

"Nilishawahi kuyafanya yote matatu."

"Na darasa lilisonga?"

Pudensiana akajikuta anacheka.

"Tena wameikuza bure," Sinyati aliendelea. "Mkanda wa zamani haupati macho mapya kwa kukuzwa. Nairudisha kwenye aina ya zamani, saizi yake ya kawaida. Kile kipande kitaitambua."

Kazi ilimalizika chai ilipokuwa inapoa. Sinyati akabonyeza. Romanus alitembea kwa ule mwendo wake wa kuvuta bega la kushoto, bila kukwama, suti ya kahawia ikimbana kiunoni. Pudensiana alishika ukingo wa meza. Miaka yote alimkumbuka akiwa amesimama kama picha ukutani. Alikuwa amesahau kwamba alitikisika hivi.

Kisha pakafika penyewe. Romanus akamkabili Hans, akasita. Akatazama chini. Kutoka pembeni ukatokea mkono wa mwanamke wenye saa ndogo, ukampachika jani la sale kiganjani, ukamsukuma kiwiko. Ndipo akalitoa.

Saa ile ilikuwa bado mkononi mwa Pudensiana.

"Naweza kuzikata hizo sekunde nne," Sinyati alisema taratibu. "Hakuna atakayejua."

Mwalimu alitazama tena, mara mbili. Kila mara bega lile lilipita mbele yake, na kila mara mkono wake ukafuata.

"Ukikata hapo," alisema hatimaye, "unamkata akiwa anatembea, ataruka tena kama mwanzo. Acha."

Jumamosi, sebule ilijaa. Sale ilipotolewa, watoto wa Hans walitazamana. Mzee Hans alisogeza kiti karibu na skrini.

"Shemeji, mkono ule wenye saa ni wa nani?"

Pudensiana alinyoosha mgongo. "Ni wangu."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Nilijua! Romanus hakuwa na haraka ile ya kusamehe." Akawageukia wanawe. "Lakini alilitoa, mmeona? Nami nililipokea. Irudisheni nyuma, nimtazame tena akija."