Kamande za Ijumaa Jioni

Alasiri za Kendu Bay zina usingizi wake. Upepo wa ziwa ulikuwa ukiingia uani polepole, unainua vumbi kidogo, unalitua tena, na mimi na mama mkwe wangu tumeketi kwenye mkeka nyuma ya jiko lake, ungo katikati yetu, tunachagua mawe kwenye kamande, zile punje ndogo bapa kama dengu. Mikono ilifanya kazi yake, midomo ilikuwa imeshaenda mbali. Tulikuwa tunapika kwa maneno. Yeye angesema leo anamtamani ngege aliyekaushwa juani, achemshwe kwenye maziwa mpaka yawe mazito, halafu atiwe samli. Mimi ningesema hapo ningeongeza bizari kidogo.

"Yawa!" angeshtuka. "Samaki na bizari? Unataka kumuua mara ya pili?"

Tuliongea Kiswahili kwa sababu hatukuwa na lugha nyingine ya pamoja. Mimi ni Mkuria, nimekulia Migori mjini. Yeye ni Mjaluo wa hapo hapo ziwani, mjane, Msabato wa kuzaliwa, na mume wangu ndiye mwanawe pekee aliyebaki nyumbani. Aliniita Nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria. Jina langu mwenyewe sidhani kama aliwahi kulitamka. Mwanzoni nilikasirika, baadaye nikaanza kuitika kabla hata hajamaliza kuita.

Sasa niseme wazi nilichokuwa nakitaka, maana nilikitaka hadi nikakiota. Nilitaka jiko langu. Kwa mila ya huku, mke aliyeolewa hapiki nyumbani kwake mpaka mama mkwe amwekee mafiga kwa mkono wake. Kabla ya hapo anapika kwa mama mkwe, kwa sufuria za mama mkwe, chini ya macho ya mama mkwe. Kanisa lake halikupenda mila nyingi, na nyingi alikuwa ameziacha bila kulalamika, lakini hii aliishika kwa mikono miwili. Nyumba yetu ilikuwa uani hapo hapo, bati jipya linang'aa, na chini ya kitanda kulikuwa na meko ya gesi aliyoninunulia mume wangu. Ilikuwa bado imo kwenye boksi lake.

"Vumilia," alikuwa akiniambia mume wangu, mwalimu anayerauka kila asubuhi kwenda kufundisha upande wa Oyugis. "Mama atasema."

Vumilia! Yeye alikuwa anakuta sahani mezani, atajuaje? Mimi nilikuwa nikilala mchana dakika chache naona jiko langu kama liko hapo. Rafu ya mbao. Vifuniko vimepangwa kwa ukubwa. Dirisha linalotazama maji, mwanga wa ziwa unachezacheza kwenye dari, na hakuna mtu nyuma yangu anayeuliza mbona kitunguu umekikata hivyo. Halafu nasikia, "Nyar Kuria, moto unazimika," na ndoto inaishia hapo.

Kamande nilizijulia Migori nikiwa mtoto. Jirani yetu alikuwa mama Mwislamu aliyekuja na mumewe kutoka Pwani kufungua duka la vitambaa. Yeye aliziita adesi. Kwetu tulikula ugali wa wimbi na nyama, au mboga za majani, basi, lakini kwake kulikuwa na harufu iliyonitoa kitandani na kunisimamisha kwenye mlango wake na chupi tu. Kitunguu, nyanya, kitunguu saumu, tui la nazi, mwisho ndimu. Alinipa kwenye kisahani cha chai, nikala kwa kidole. Mpaka leo nikifumba macho nasikia sufuria ile ikichemka taratibu na redio yake ikisoma Kurani kwa sauti ya chini.

Mama mkwe wangu, nilipompikia mara ya kwanza, aliziangalia muda mrefu.

"Hiki si chakula cha hospitali?" aliuliza. "Mtu akilazwa ndiyo anapewa hiki."

Nilinuna siku nzima. Lakini kesho yake alinikuta nachagua mawe, akaketi upande wa pili wa ungo bila kuitwa, akaanza kunihoji nazi naipata wapi. Hivyo ndivyo tulivyoanza. Ninampa wazo, analikataa, kesho analileta tena kama lake. Ananipa lake, ninalikataa, usiku ninaliota. Kugombana tulikuwa tukigombana, tena sana, lakini nisingekubali mtu mwingine aketi kwenye ule mkeka.

Ilipofika shoo ya Homa Bay, maonyesho yale ya kilimo, alisema twende. Nilidhani anataka kuona ng'ombe. Wapi! Ng'ombe aliwapita bila kuwageuzia hata shingo. Alikwenda moja kwa moja kwenye vibanda vya chakula na akavizunguka kama mkaguzi wa serikali. Bisi, miwa iliyomenywa, viazi karai, mayai yaliyopasuliwa na kujazwa kachumbari. Kila kitu alitaka kuonja, na alimuuliza kila muuzaji, "Humu umetia nini?" Muziki ulikuwa unatoka kwenye spika tatu tofauti, mabembea yanazunguka na watoto wanapiga kelele juu kwa juu, jua limekuwa la dhahabu, na yule mama na kitambaa chake cha kanisa alikuwa anapita katikati ya yote hayo kama msichana aliyetoroka nyumbani.

Alisimama sana kwa jamaa mmoja aliyekuwa akikaanga vitu vya mviringo, vya kahawia, vinavyolia vikivunjwa.

"Siri ya biashara, mathe," jamaa alisema.

"Sawa," alisema, akavuta kiti. Akaketi. Wateja wakaanza kupanga foleni nyuma yake. Jamaa alipoona huyu haendi popote, akacheka, akasema: dengu za jana zilizobaki, ziponde, tia unga na kitunguu, basi.

"Basi?"

"Basi, mathe. Na mafuta yawe moto kweli."

Tulipotoka nilimnunulia pamba ya sukari, ile ya waridi, inayozungushwa kwenye kijiti. Hakuwahi kuishika maishani mwake. Aliuma kidogo akasimama wima, macho yamemtoka. Akauma tena.

"Iko wapi?" aliniuliza.

"Umeshaimeza, Mama."

"Sijameza kitu, Nyar Kuria. Nimeota tu."

Tulicheka mpaka tukaketi kwenye nyasi. Siku ile nilimpenda, na nasema hivyo bila aibu. Na ilikuwa hapo kwenye nyasi, vidole vyake vimeganda kwa sukari, aliponiambia kuwa akina mama wa kanisa watakuja kwake Sabato ijayo na kwamba nitapika mimi. Peke yangu. Kamande zangu zile.

"Ukiwashibisha hao," alisema, "tutaongea habari ya mafiga."

Wiki ile sikuweza kula. Msabato hapiki siku ya Sabato, kwa hiyo kila kitu kinapikwa Ijumaa kabla jua halijazama, kinawekwa kwenye hotpoti, na kesho kinaliwa kama kilivyo. Jua likishaingia ziwani, umemaliza. Kama ugali ni mbichi, basi Sabato hiyo mtakula ugali mbichi. Ijumaa hiyo niliwasha moto mapema. Nilikaanga kitunguu mpaka kikawa na rangi ninayoitaka, nikamimina nyanya, nikamimina kamande na maji. Tui lilikuwa tayari kwenye bakuli. Nilimwambia nakwenda dukani mara moja kununua ndimu, naomba autazame moto tu. Moto tu, nilisema.

Niliporudi nilisikia harufu ya sabuni.

Nilifunua sufuria. Kamande hazikuwapo. Kulikuwa na uji mzito, wa kijani kama matope ya ziwani, unatoa mapovu. Yeye alikuwa amesimama kando ameshika kopo la magadi, yale ambayo huku hutiwa kwenye mboga za majani na kwenye mahindi na maharagwe ili yalainike upesi, na kwa magadi hakuna mwanamke wa hapa anayefikiri mara mbili, anatia kama mtu anavyotia chumvi.

"Zilikuwa ngumu," alisema. "Nikaona jua linakimbia. Nikakusaidia."

Uwi! Nilichomwambia sitakiandika chote. Nilimwambia ameniharibia. Nilimwambia amefanya makusudi, kwamba hataki kabisa niwe na jiko, kwamba anataka nizeekee jikoni kwake nikipuliza moto wake. Machozi yalikuwa yananitoka, ndimu ziko mkononi. Yeye alikuwa ameshika lile kopo kifuani, na nilimwona, mara ya kwanza, ameogopa. Nje ziwa lilikuwa limeanza kuwa la rangi ya shaba na jua lilikuwa limebakiwa na kimo cha mtu mmoja juu ya maji.

"Unga," alisema ghafla.

"Unga gani?"

"Ngano. Lete unga wa ngano. Kata vitunguu. Yule mtu wa shoo!"

Sikumsamehe, lakini nilikimbia. Alikung'uta uji ule kwenye beseni, nikatia unga, nikatia vitunguu na pilipili na dania yote iliyokuwa ndani ya nyumba, nikakamua ndimu zile zote kuua ile ladha ya sabuni. Karai likawekwa, mafuta yakapata moto kweli. Nilifinyanga, yeye akatumbukiza. Vilikuwa vinapanda juu, vinavimba, vinajigeuza vyenyewe, vyepesi kuliko vya yule jamaa, maana yale magadi yaliyoniliza ndiyo yaliyokuwa yanavivimbisha. Mwanga mwekundu ulikuwa umejaa jikoni, moshi umejaa, na mikono yetu ilikuwa inapishana juu ya karai bila kugusana. Cha mwisho alikitoa kwenye mafuta jua likiwa limebaki ukingo tu. Akazima moto, akaketi chini, akaomba kwa Dholuo, lugha yake, kwa sauti ndogo. Mimi nikaenda kulala bila kumwambia usiku mwema.

Akina mama walikuja kesho yake wamevaa vitambaa vyao, wakaimba, wakala. Vilikuwa vimepoa, na tui nililokuwa nimelitayarisha nililitia chumvi na ndimu iliyobaki, wakachovya humo. Walikula kimya kwanza, na wanawake wa kanisa wakinyamaza kwenye chakula ujue kuna jambo. Halafu mmoja wao, mnene, mwenye sauti, akauliza ni nani aliyefikiria kitu kama hiki.

Nilifungua mdomo. Kabla sijasema, mama mkwe wangu alinyoosha mkono kwangu.

"Ni huyu," alisema. "Mimi niliharibu chakula kabisa. Huyu Nyar Kuria ndiye aliyejua la kufanya. Mimi nilikuwa nimesimama tu kama mti."

Mama wa kanisa, Msabato wa kuzaliwa, alidanganya Sabato mchana, mbele ya kundi zima, na uso wake haukutikisika hata kidogo. Nilitaka kusema si kweli. Aliniangalia tu, nikaenda kuchukua maji ya kunawa.

Jumapili asubuhi alikuja nyuma ya nyumba yangu na mawe matatu kwenye karai, amebeba kichwani mwenyewe. Aliyapanga, akayatikisa kuona kama yamekaa, akaleta kaa la moto kutoka jikoni kwake, tukapika ugali wa kwanza juu yake. Alinikatia tonge akanilisha.

"Haya," alisema akijipangusa majivu. "Sasa toa hiyo gesi chini ya kitanda. Ulidhani sijui?"

Jioni ya kesho yake nilipika kwangu. Dirisha lilikuwa wazi, mwanga wa maji unacheza kwenye dari kama nilivyouona mara nyingi macho yamefumba. Meko ilitoa moto wa buluu, safi, bila moshi. Nilipika kamande jinsi ninavyotaka, kitunguu nikakikata ninavyotaka, nikapanga vifuniko. Nilionja. Nikageuka kuuliza kama chumvi imetosha, na nyuma yangu kulikuwa na ukuta.

Nikamwambia mume wangu anisubiri, nikajaza bakuli, nikavuka ua. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumchokoza nayo. Lakini juu ya paa la jiko lake hakukuwa na moshi. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda mlangoni, kitambaa kichwani, mikono mapajani, na nyuma yake ndani kulikuwa na giza. Sufuria zote zilikuwa zimeoshwa na kufunikwa.

"Mama, hujapika?"

Alinitazama, kisha akalitazama bakuli. Nilikuwa nimeliomba jiko lile kwa muda mrefu kiasi kwamba sikuwahi kufikiri kuwa siku likija kwangu litakuwa limetoka kwake.

"Sikuwasha," alisema. "Niliketi nikawaza, nitampikia nani?"