Mzigo Ambao Baba Hakuuhesabu

Baba yangu, mwalimu wa hesabu karibu na Rulenge, alipopata betri kuukuu ya lori aliipigia hesabu kabla hajaifunga waya. Wati za taa mara saa zake, wati za redio mara saa zake, na nusu ya chaji isiguswe, maana betri ukiikamua yote inakufa. Akatupangia: taa izimwe tukimaliza kula, redio ibaki kwa matangazo ya jioni. Hivyo ingetufikisha hadi lipatikane gari la kuipeleka Lusahunga kuchajiwa. Hesabu ilikuwa sahihi, na ndiyo maana inaniudhi hadi leo.

Wageni hakuwahesabu. Wakimbizi walikuwa wameijaza wilaya, na jioni redio ilisoma majina ya watoto waliookotwa bila wazazi, pamoja na kambi waliko. Majirani walikuja kusikiliza. Alikuja pia mwanamke wa Rwanda aliyekuwa akilima kibarua kwetu. Alipotezana na binti yake walipokuwa wakivuka mpaka pale Rusumo. Na kwetu, kuzima taa mgeni akiwa ameketi ni kumfukuza.

"Tuzime, redio hatuisikilizi kwa macho," mama yangu alinong'ona.

"Wataniona mchoyo," baba akajibu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Betri haijui methali. Taa iliwaka jioni baada ya jioni hadi wa mwisho alipoaga.

Kisha jina la yule binti likasomwa. Jina lake, la baba yake, la kilima walikotoka. Mama yake akasimama. Taa ilikwisha kuwa nyekundu kama kaa la moto. "Yupo kambi ya Lu..." redio ikasema, ikanyamaza. Baba alitikisa nyaya bure. Niliichukia ile taa, na baba nilimchukia kidogo.

Gizani kila mtu alitaka kusaidia. Mmoja alisikia Lumasi, mwingine Lukole. Mzee mmoja akasisitiza kuwa ilikuwa Ru, si Lu. Ndimi zetu huzichanganya hizo mbili tangu utotoni, na masikio yetu pia.

"Mwalimu, wewe umesikia nini?" yule mwanamke akauliza.

"Sijui, mama. Nisamehe."

"Basi semeni tena mlivyosikia, mmoja mmoja."

Tukasema, polepole. Hakuna wawili waliofanana.